Kiangazi Nilipomwita Baba Mlevi

4 Mei, Cachora

Ofisi ya utalii ya mjini Cusco inayotutumia wageni inataka kila kiongozi awe na daftari la safari: wageni wangapi, hali ya hewa, ajali. Nimenunua madaftari mawili. Moja la ofisi, hili langu.

Mvua zimekoma. Kesho tunaanza safari ya kwanza ya msimu. Ni siku nne kwenda na kurudi: tunashuka korongo lote hadi mto Apurímac, tunavuka daraja, tunapanda ukuta wa pili hadi kijiji cha Marampata, na kutoka hapo tunafika kwenye magofu ya kale ya Choquequirao. Kikosi ni kilekile cha miaka mitano. Mimi natangulia na wageni. Celestino ni mpishi. Baba anaswaga nyumbu wake watatu wa mizigo, wazao wa punda na farasi: Mora, Paloma na Sargento.

Baba yangu, Abdón Huamanñahui, ana miaka sitini na minne. Alikuwa mmoja wa wale waliofyeka msitu wakakuta matuta ya magofuni yenye lama, wale ngamia wadogo wa milimani, waliochorwa kwa mawe meupe ukutani. Wageni wakisikia hivyo wanataka kupiga naye picha. Hujifanya hapendi, kisha anavua kofia na kulaza nywele.

9 Mei

Tumerudi salama. Baba alikanyaga kamba ya hema la Waholanzi, hema zima likawaangukia wakiwa wamevaa soksi tu. Walicheka sana. Mimi kidogo.

14 Mei, kambi ya Chiquisca

Joto la bondeni, na mbu wadogo wasioonekana. Miguu ya wageni imejaa vipele.

Celestino mdomo haufungi msimu huu. Zamani alikuwa anaimba kidogo, anapumzika. Sasa ni maneno tangu tuanze kushuka mpaka tufike. Leo nilibaki nyuma kufunga kiatu nikawasikia:

"Mzee Abdón, kona ya kushoto hiyo, imenona kama shemeji yangu! Haya, jiwe hilo kulia, lipishe, limekuja harusini bila mwaliko! Ngazi tatu za kushuka: moja, mbili, tatu, karibu sebuleni!"

Baba alikuwa nyuma yake ameshika mkia wa Mora, anatabasamu. Niliwaambia wanafanana na walevi wawili wanaotoka kwenye karamu. Celestino akacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

22 Mei

Wageni kumi. Nimechoka hoi. Kulala.

2 Juni, Marampata

Leo nimeona kitu ambacho sikutaka kukiona.

Tulifika saa tisa mchana. Mama Gregoria, mjane anayetupa uwanja wake tupige mahema, alisimama langoni na jagi la pombe ya mahindi. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu mama. Baba akampita pale, kwa upande wa kushoto, karibu amguse bega, asimsalimie.

"We Abdón! Siku hizi umekuwa bwana mkubwa, husalimii watu?"

Baba alishtuka, akageuka mwili mzima kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Ah, dada Gregoria, nilikuwa na mawazo."

"Mawazo gani ya kumpita mtu mnene hivi?"

Wakacheka. Lakini wakati wa chai Celestino aliweka kikombe pembeni yake, na baba akakipiga kwa kiwiko. Chai ikammwagikia mapajani. Nilimpelekea kitambaa, nikainama, na skafu yake ikanuka gongo la miwa.

Mama alikufa miaka minane iliyopita. Baba alikunywa miaka mitatu mfululizo. Nilimwokota sokoni, nikamwokota kwenye mfereji, nikamwokota mlangoni kwa watu. Siku moja aliniambia, mbele ya kaburi la mama, basi. Akaacha kweli. Na mimi nikamwambia, mbele ya kaburi hilohilo, kwamba akirudia hatatembea na mimi tena.

3 Juni, magofuni

Asubuhi nzuri, anga safi, tai wawili wakielea chini yetu. Tuliteremka hadi kwenye matuta ya lama. Nikiwa nawaeleza wageni jinsi mawe meupe yalivyopangwa, baba alisogea ukutani, akaweka kiganja juu ya lama wa kwanza, akakipitisha taratibu toka shingo mpaka mgongo. Halafu akaegemea pale. Mgeni mmoja akampiga picha. Mimi niliona mtu anayetafuta pa kushika asianguke.

Nilimfuata nikamnong'oneza: "Baba, umekunywa?"

Alivuta skafu hadi kidevuni.

"Kidogo tu," akasema. "Kwa ajili ya baridi."

Hapakuwa na baridi.

6 Juni, nyumbani

Nimemwambia, nikikunusa tena basi. Nimemwambia mlimani kuna watu wanaoniaminia maisha yao. Nimemwambia mama anamwona. Hilo la mama nilijua litamchoma, ndiyo maana nililisema.

Alikuwa anasuka kamba ya kufungia mizigo, vidole vinakwenda vyenyewe. "Sawa, kiongozi," akasema.

Hajawahi kuniita kiongozi tukiwa wawili tu.

15 Juni

Harufu ileile. Sikumfukuza, sina wa kumweka mahali pake. Hatusemeshani.

24 Juni

Cusco ni sikukuu ya jua, watu wote wako huko. Sisi tulikuwa tunashuka na Wakanada wanne. Baba amechubuka paji la uso. Anasema tawi. Celestino naye anasema tawi, kabla sijamuuliza.

6 Julai

Wilber alipiga simu kutoka Lima. Kaka yangu huwa anapiga mara moja kwa mwezi, kila mara akiwa na haraka. Nikamweleza kuhusu baba. Akasema, "Mlete huku basi." Nikamjibu, "Umkalishe kwenye chumba chako na watoto watatu, akiwa amelewa?" Akasema atapiga tena.

Jioni baba mwenyewe alikuja jikoni. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Yova, safari ya keshokutwa niache. Nina shughuli Abancay. Siku tatu hivi."

"Shughuli gani?"

"Shughuli tu."

Abancay ndiko waliko rafiki zake wa miaka ile. Najua mpaka jina la kilabu chao. Nikamwambia Julai hakuna mswaga nyumbu aliye huru kuanzia hapa mpaka mtoni, kila mtu ameshikwa, na nina wageni kumi na wawili. Nikamwambia kama anataka kunywa, anywe Agosti ikiisha.

Nilimngoja abishe. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Akasema, "Haya," akavaa kofia, akatoka. Bega lake lilipiga fremu ya mlango.

11 Julai

Wageni kumi na wawili, salama. Baba hakusema neno siku zote nne. Celestino alisema ya watu wote.

19 Julai

Upepo mkali kule juu Capuliyoc. Mgeni mmoja amepoteza kofia.

29 Julai, Marampata

Sikukuu za uhuru, njia imejaa kama soko. Mama Gregoria aliniita pembeni, tukamenya viazi pamoja.

"Unamkazia sana baba yako."

"Anakunywa, Mama Gregoria."

Kisu chake kilisimama. "Umemwona akinywa?"

"Nimemnusa. Na amekiri mwenyewe."

Alinitazama, akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Mimi nimeishi na mlevi miaka ishirini na sita, Mungu amrehemu. Walevi hawapigi hatua kwa uangalifu vile." Nikaona anamtetea kwa sababu ya urafiki wa zamani. Nikabadilisha mazungumzo.

12 Agosti, Marampata

Tumepanda na wageni wanane. Mmoja wao ni bwana mstaafu kutoka Austria, yuko na mkewe. Amelalamika mara tatu kuhusu Celestino. Anasema amesafiri nusu ya dunia asikie ukimya wa milima na amepewa redio. Aliniambia kwa adabu, lakini akataja ofisi.

13 Agosti

Mvua. Mvua kubwa, katikati ya kiangazi, tangu alfajiri mpaka jioni. Magofuni tulikwenda tumejifunika plastiki, hatukuona kitu. Mama Gregoria anasema hajaona hivi tangu akiwa msichana. Upande wa Santa Rosa, chini yetu kwenye njia ya mtoni, tulisikia mlima ukinguruma, mara mbili.

15 Agosti, nyumbani

Naandika mchana, mezani.

Jana asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Watu wa Santa Rosa walileta habari kwamba chini kidogo ya kwao maporomoko yamekula njia, hatua kama thelathini, na kwamba wamechonga kijia cha kupitia juu yake. Niliwaambia wote: tukifika pale, tunapanda kulia, tunazunguka, tunarudi njiani. Baba alikuwepo. Aliitikia kwa kichwa.

Kabla ya kuanza kushuka nilimwita Celestino. "Leo mdomo ufunge. Mpaka mtoni."

"Mkuu, kwenye kupanda sawa. Kwenye kushuka niache niongee."

"Kwa nini?"

Akamtazama baba.

"Mkuu, nakuomba."

"Nyamaza, Celestino," baba akasema. "Kiongozi ameshasema."

Tukaanza kushuka kimya kimya. Yule bwana wa Austria aliniambia asante. Nilijisikia vizuri, niandike ukweli. Nilisikia kwato, fimbo za wageni, na mto ukivuma mbali chini.

Pale penye maporomoko niliwapitisha wageni kwenye kijia kipya mmoja mmoja, nikiwashika mkono. Nikasimama ng'ambo kungoja mizigo. Celestino alipita kwanza na Paloma na Sargento, kijia kilikuwa chembamba, kila hatua kinabomoka. Akageuka nyuma.

Mora alikuwa amefika mahali njia ilipokatika, akasimama. Alikuwa nyumbu mzee, hakuhitaji kuambiwa. Baba alikuwa nyuma yake. Alimpiga mgongoni taratibu, "Twende, mama," Mora hakusogea. Baba akampita kwa upande wa nje, upande wa korongo, akazungusha kamba mkononi mwake, akavuta. Akaenda mbele moja kwa moja, kama ambavyo amekwenda maisha yake yote.

Nilimwona akikanyaga hewa.

Alianguka hadi kiunoni, ukingo ukamomonyoka, akaning'inia kwa ile kamba ya mkononi. Mora alikita miguu yote minne, akarudi nyuma, akamvuta. Nasema ukweli, Mora ndiye aliyemvuta. Baba alishika kichaka cha mkonge kwa mkono wa pili, na Celestino akafika mbio akamkamata mkanda wa suruali. Kisha ardhi chini ya Mora ikaachia. Celestino alikata kamba kwa kisu cha jikoni. Alikata tu basi, hakufikiri. Tulisikia masufuria, halafu hatukusikia kitu kwa muda, halafu tukasikia.

Baba alikaa njiani. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, kimegeuka. Alikuwa anauliza, "Mora yuko wapi? Celestino, Mora yuko wapi?"

Na mimi nikapiga kelele. Mbele ya wageni wote wanane.

"Mlevi! Mlevi wee! Umemuua! Ungetuua wote! Nilikwambia kulia, mtoto mdogo angeona! Ulimwapia mama, baba, ulimwapia mama kaburini!"

Alinyanyua uso kunijibu. Uso wake ulikuwa umeelekea kando yangu kidogo, kama anaongea na mtu aliyesimama kushoto kwangu.

"Ndiyo, mwanangu," akasema.

"Hutembei na mimi tena. Imekwisha. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Celestino alikaa kwenye tope, akafunika uso na kofia, akalia kwa sauti. Nilidhani analia kwa ajili ya nyumbu.

17 Agosti

Leo Celestino amekuja nyumbani baada ya chakula cha mchana. Baba alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta. Celestino hakukaa. Aliweka mezani kichupa kidogo cha gongo.

"Nimekitoa kwenye mfuko wa baba yako. Kitazame."

"Sitaki kukiona."

"Yovana, kitazame. Kimejaa mpaka wapi?"

Kilikuwa kimejaa karibu hadi shingoni.

"Alikinunua Mei," akasema Celestino. "Nilikuwa naye dukani. Kila tukianza safari anamwagia skafu matone mawili. Tone la ulimini hajaweka hata moja."

Sikuelewa. Nilimwambia sielewi.

"Haoni. Jicho la kushoto halina kitu. La kulia ni kama anachungulia kwenye bomba. Tangu mwaka jana. Mimi nimekuwa nikiongea, mkuu. Kona, jiwe, ngazi. Unadhani napenda kuongea hivyo? Nikifika nyumbani koo linatoka damu."

"Kwa nini hakuniambia?"

Celestino alichukua kofia yake. "Kwa sababu mlevi unamgombeza tu, kesho unamchukua tena. Kipofu ungemwacha nyumbani. Aliniapisha kwa jina la mama yako. Sasa nimevunja kiapo, na bado nimechelewa."

Alipofika mlangoni nikamwuliza kama Mama Gregoria alijua. Akasema yeye hakuambiwa, aliona mwenyewe. Yeye alikuwa anamtazama.

18 Agosti

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Kamba ya hema, Mama Gregoria kushoto, kikombe, paji la uso, fremu ya mlango. Nimeandika yote kwa mkono wangu, kwa mwandiko safi. Kiganja chake juu ya mgongo wa lama. Alikuwa anamtazama, na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, naeleza wageni.

21 Agosti, Abancay

Daktari wa macho ni mwanamke mdogo kuliko mimi, ana sauti ya upole. Presha ya macho. Kama ingejulikana mapema, dawa ya matone asubuhi na jioni, na upasuaji mdogo. Haumi, alisema, ndiyo maana watu hawajui mpaka mwisho. Jicho la kushoto limekufa. La kulia limebaki na mwanga kidogo, atajua dirisha liko wapi, basi, na huo nao utakwenda.

"Kilichopotea hakirudi," alisema. "Lakini mwezi mmoja na nusu uliopita huenda tungelizuia la kulia lisiende zaidi. Mbona hakuja Julai? Walikuwepo madaktari bingwa kutoka Lima. Siku tatu, bila malipo, redio zote zilitangaza."

Nikauliza tarehe ngapi.

"Tisa mpaka kumi na moja."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono magotini. Alisikia. Alinyoosha mkono wake mzima kunitafuta, ukapita mbele yangu, ukarudi, ukapata mkono wa shati langu. Akaushika hapo.

22 Agosti

Jana tulirudi nyumbani. Leo asubuhi tulikaa uani juani, nikamwuliza.

"Kwa nini hukuniambia ni daktari? Ungesema neno moja tu, daktari."

"Ningekwambia daktari ungeuliza daktari wa nini."

"Baba."

"Nilifikiri nitakwenda kimya, watanipa miwani, nitarudi. Ukakataa. Nikafikiri, haya, Agosti ikiisha. Mwenyewe ulisema Agosti ikiisha."

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi nikamwomba msamaha. Nilimwambia maneno niliyomtukana njiani, moja moja, kama vile hakuyasikia.

"Nyanyuka, kuku watakudonoa," akasema. Halafu akasema, "Uliponiuliza Juni, kule magofuni, kama nimekunywa, mimi nilishukuru. Niliona, ah, bado hajajua. Bado nina safari."

"Hukuumia?"

Alifikiri. Baba si mtu wa kusema uongo, ukiacha ule mmoja.

"Niliumia," akasema. "Lakini nilikuwa natembea."

3 Septemba

Ofisi imetuma mswaga nyumbu mwingine, kijana wa Huanipaca, mchapakazi. Wageni saba. Tulipita pale. Wamepanua kijia, ni salama sasa. Chini wameshajaa tai.

6 Septemba

Siku nne zote Celestino hakusema kitu. Anapika, anaosha, anafunga mizigo. Tukipanda kutoka mtoni nilimsubiri, nikamwambia, "Ongea basi. Imba. Sema chochote, wageni wakasirike."

"Niongee na nani, mkuu?" akasema. Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli.

18 Septemba

Nimerudi nimekuta baba ameungua mkono wa kulia, alikuwa anajipikia supu. Alikuwa amefunga kitambaa kinyumenyume.

27 Septemba

Watu wa Cachora wanakuja kumtazama. Wanamletea jibini, mahindi mabichi, simbilisi wa kuchoma, wanyama wadogo kama sungura. Wanaongea naye kwa sauti kubwa kana kwamba ameziba masikio. Wakiondoka anabaki amekaa vilevile, na chakula mapajani.

Leo aliwauza Paloma na Sargento kwa mtu wa Huanipaca, kwa sharti wawe pamoja. Alitaka kuwafungua mwenyewe. Aliwapapasa uso wote, masikio, pua. Wakiwa wanatoka langoni Sargento alisimama kumngoja. Ilibidi avutwe.

10 Oktoba

Mawingu yameanza kujikusanya mchana. Safari mbili zimebaki.

16 Oktoba, Marampata

Mama Gregoria ananipa chai, haniambii chochote. Ningependa anigombeze. Nilimwambia hivyo.

"Nikugombeze ili iweje? Mimi nilijua na nilikaa kimya. Tukae tu."

Tukakaa.

24 Oktoba

Wilber amekuja. Miaka minne hajakanyaga hapa. Amenenepa, ana viatu vyeupe, na amelia kwenye mlango kabla ya kuingia. Alidhani baba hasikii.

Wamekubaliana wawili kwa simu, mimi nikiwa mlimani. Baba anakwenda Lima.

Nilimwuliza kama ni Wilber aliyemlazimisha. Nikamwambia nitaacha uongozi, nitafungua kibanda cha chakula stendi, nitakuwa hapa kila siku.

"Usiache," akasema. "Unaijua njia ile kuliko mimi nilivyoijua. Sikiliza, Yova. Hapa ukisafiri nakungoja siku nne. Nahesabu: sasa yuko mtoni, sasa anapanda, sasa yuko pale ulipoanguka wewe, Abdón. Kila safari. Siwezi. Kule Lima sijui hata barabara moja. Nitakuwa kipofu kama vipofu wengine."

"Na mimi je?"

Sikukusudia kuuliza. Lilitoka tu, kama la mtoto.

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanipapasa paji la uso, nyusi, pua, mashavu. Polepole, akarudia. Nilijitahidi kutolia ili asikute uso uliokunjamana.

31 Oktoba

Safari ya mwisho imekwisha. Mvua ilitukuta daraja la mtoni. Njia wataifunga wiki ijayo.

2 Novemba

Siku ya wafu. Tumempelekea mama mikate na maua. Baba alikaa peke yake kaburini nusu saa, sisi tukasimama mbali. Sijui walizungumza nini. Aliporudi miguu ya suruali ilikuwa na tope hadi magotini, na alikuwa ametulia.

4 Novemba, Abancay

Basi la Lima linaondoka saa nane mchana. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, stendi yote tope. Baba alivaa koti zuri na kofia mpya aliyonunuliwa na Wilber, ambayo haimkai. Mfukoni ana dawa ya matone. Tumemwambia inasaidia. Anajua haisaidii, na anaiweka asubuhi na jioni.

Tuliagana mlangoni mwa basi. Alisema nisisahau kupaka mafuta kamba kabla ya kuzihifadhi, nikasema sitasahau. Alisema nimsamehe Celestino, nikasema nilishamsamehe, yeye ndiye bado hajanisamehe. "Atakusamehe," akasema. "Mpe muda, yule moyo wake ni laini kama mkate." Dereva akapiga honi. Wilber akampandisha ngazi, mkono kiunoni, akimhesabia: moja, mbili, tatu.

Walikaa upande wa kushoto, baba dirishani. Nilisimama pale chini, mvua inanipiga, nikagonga bati la basi. Nilimwona Wilber akimwambia kitu, bila shaka alimwambia, Yova yuko nje, mpungie. Baba akatabasamu. Akavua ile kofia, akalaza nywele zake. Akageuka kulia, kwa watu waliokaa ng'ambo ya ujia, na mwanga wa dirisha lao, akanyanyua mkono akapunga.

Wilber alikuwa ameinama anafunga mkoba, hakuona.

Basi lilikwishaanza kusogea. Nilikimbia. Nilizunguka nyuma yake kwenye moshi na tope, nikapoteza kiatu kimoja, nikatokea upande wa pili nikiwa nakimbia sambamba nalo. Dirishani alikuwa mwanamke mmoja na mtoto mchanga, walinitazama kama kichaa. Nyuma yao nilimwona baba, mkono bado juu, anapunga huku akitabasamu.

Nikasimama hapo alipokuwa ananipungia. Nikanyanyua mkono nami, nikapunga mpaka basi likakata kona.